Alama ya Kalamu Mguuni

Mgonjwa wa Busia au Malaba, upande wa Kenya, anayehitaji kupitishiwa katheta hadi moyoni aweza kwenda Nairobi, au kuvuka mpaka kuifuata Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, maana Kampala iko karibu kuliko Nairobi. Mrija huo ukipitia ateri ya kinena, tundu dogo laweza kuuponza mguu mzima: damu ikiganda, au mrija wenyewe ukiziba njia, misuli hukosa oksijeni, na kwa muda wa saa sita hivi huanza kufa. Ustadi ninaousifu ni wa muuguzi anayeyazuia hayo kwa ncha za vidole. Kabla ya kazi kuanza huutafuta mpigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, miguu yote miwili, na pale anapoupata hutia alama kwa kalamu. Wako watu wenye afya njema ambao mpigo wa juu ya wayo haushikiki kamwe, hivyo asiyepapasa mapema hatajua baadaye kama umepotea au haukuwapo. Tena, kwenye ngozi nyeusi kupauka kunakotajwa vitabuni hakuonekani upesi. Muuguzi stadi hutazama kucha na unyayo, hugusa kwa mgongo wa kiganja akilinganisha mguu na mwenzake, kisha humwambia mgonjwa achezeshe vidole.

Yuko atakayesema kazi hii imepitwa na wakati, kwa kuwa tangu daktari Lucien Campeau aeleze mwaka 1989 jinsi ya kuifikia mishipa ya moyo kupitia kifundo cha mkono, kinena hakitumiki kama zamani. Ni kweli, na kiganja kina bahati ya kulishwa na ateri mbili. Lakini watoto wenye kasoro za moyo bado hupitishiwa kinenani, nao mishipa yao ni myembamba, damu huganda kirahisi. Mwaka 1974 mtafiti Freed na wenzake walionyesha kuwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ilipunguza kuganda huko kwa watoto kutoka asilimia 40 hadi 8. Dawa ilifanya makubwa, ila hao waliobaki hugunduliwa na aliyeushika mguu. Kifaa cha Dopla nacho husikia mpigo usioshikika kwa kidole, na palipo na shaka kiletwe. Lakini lazima kwanza awepo mtu aliyeshuku.

Pingamizi zito ni uchache wa wauguzi: baada ya katheta, nani atapapasa tena kila robo saa wodi ikiwa imejaa? Jibu langu ni kwamba ustadi huu hufundishika. Mama wa mtoto aonyeshwe alama ile kabla ya kuruhusiwa, aelezwe kuwa mguu ukiwa baridi, ukiuma au kufa ganzi, asiukande wala kuuwekea maji moto, bali amkimbize mtoto hospitalini saa hiyohiyo. Na atakayempokea Busia avipapase vifundo vyote viwili, apige simu kule katheta ilikopitishwa, ndipo afikirie dawa ya maumivu.