Tahadhari ya Andromeda: Tarakimu Ghafi na Mlipuko Usiokuwepo

Milipuko ya miali ya gama, ambayo huzaliwa nyota kubwa zinapoporomoka au nyota za nutroni zinapogongana, haikusanywi kwa lenzi, na kwa sababu hiyo kifaa cha BAT kilichomo katika satelaiti ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, huitafuta kwa kusoma vivuli. Juu ya vitambuzi 32,768 vimetandazwa vigae vya madini ya risasi vipatavyo 52,000 kwa mpangilio usiojirudia, na miali inapopita katikati yake huacha kivuli ambacho husogea kulingana na upande inakotoka, mithili ya kivuli cha chekeche sakafuni taa inapohamishwa. Kompyuta hukadiria chanzo kiko wapi, kisha huigeuza satelaiti nzima pasipo kungoja idhini ya mtu, kwa kuwa mlipuko mfupi huisha kabla ya sekunde 2.

Vitambuzi hivyo, hata hivyo, havitulii. Mnururisho unaozagaa angani huvigonga wakati wote, na mara mojamoja mapigo yake hujipanga kwa bahati yakafanana na kivuli cha kweli. Ndiyo maana kumewekwa kizingiti, yaani kiwango cha nguvu ambacho ishara isipokifikia hupuuzwa. Lakini kwenye galaksi za jirani kizingiti hushushwa kwa makusudi, kwa sababu mlipuko wa karibu ungekuwa na thamani kubwa mno kwa sayansi, na ni haki kuulipia kwa tahadhari chache za bure.

Tarehe 27 Mei 2014 ishara hafifu ya aina hiyo ilitokea upande wa Andromeda, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka ya mwanga milioni 2.5. Darubini ya eksirei ya Swift ilipoelekezwa huko ilikuta chanzo, na waraka wa haraka ukatolewa ukiwa na tarakimu ghafi ya mng'ao: ilijumlisha uwanja mzima wa darubini, vikiwemo vyanzo vingine vya Andromeda na pikseli mbovu, zile zinazotoa ishara bila kuguswa na mwanga. Data kamili ingeirekebisha mapema, lakini dhoruba ilikuwa imekata umeme katika kituo cha Goddard, Maryland, na katika saa hizo za kusubiri uvumi wa nyota za nutroni zilizogongana ukaenea.

Hapa BAT haistahili lawama, kwani ilifanya kile ilichoundiwa. Kosa zito lilikuwa kuisoma tarakimu bila kuuliza imehesabu nini. Uchambuzi kamili ulionyesha kuwa darubini ilipokea kutoka kwa chanzo hicho wastani wa fotoni 0.065 kwa sekunde, sawa na fotoni 1 hivi kila sekunde 15, kiwango kilekile kilichokwisha kuorodheshwa katika uchunguzi wa awali. Timu ya Swift yenyewe ndiyo iliyotoa waraka wa kusahihisha, ikieleza kwamba chanzo hicho kisichobadilika kilikuwa tu ndani ya uwanja uliotazamwa.