Vijiti vya Kifuku

Kiangazi kila mtu ni hodari wa kufuga kuku. Oktoba hapa Mitole, mkoani Lindi, ardhi imekauka mpaka inapasuka, kuku wanachakura chini ya mikorosho, na banda lolote ni banda. Mfugaji hujulikana kifuku. Mamlaka ya Hali ya Hewa huiweka Lindi kwenye mikoa ya msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kwa hiyo kuku wa huku hukaa na tope karibu nusu mwaka. Kuna bibi mmoja ambaye kuku wake hawakai nalo. Banda lake nimelitazama vifuku kadhaa, na kila nikienda naliona jambo nililolipita mwaka uliotangulia.

La kwanza ni mahali. Banda lilijengwa kiangazi, kama mabanda ya watu wote, lakini mahali palichaguliwa kifuku. Mvua kubwa ilipokatika, bibi alijifunga kanga akatoka na vijiti mkononi, akachomeka kimoja kila penye dimbwi. Kesho yake akapita tena. Palipokauka akaking'oa kijiti, palipobaki maji akakiacha. Vile vilivyosalia vikasimama pale hadi Julai, na banda likakaa mbali navyo. Nilimuuliza kwa nini asimwachie fundi kazi hiyo.

"Mwanangu," akasema, "fundi huja kukiwa kukavu. Atajuaje maji yanakolala?"

Sakafu aliiinua kwa kifusi, futi moja juu ya uwanja, ikashindiliwa. Uwanja wenyewe akaupa mwinamo wa vidole viwili kwa kila hatua: jicho haliuoni, maji yanaujua. Paa ni la makuti, lenye mteremko mkali, kwa sababu paa lililolala hunywa mvua badala ya kuimwaga. Upenu umetoka mkono mzima nje ya ukuta, na chini yake, pale pale matone yanapoangukia, pana mtaro mwembamba uliojazwa kokoto. Mtaro huo nilidhani ni pambo. Kumbe tope la banda huanzia hapo: tone huchimba, hurusha udongo ukutani, na ukuta hulowa kuanzia chini. Kokoto huvunja nguvu ya tone, kisha mtaro huyapeleka maji migombani, ambako yanahitajika.

Kisha upepo. Kifuku huingia na kaskazi na kutoka na kusi, basi mvua ya Desemba haipigi ukuta unaopigwa na mvua ya Aprili. Banda lina madirisha ya fito pande mbili na pazia moja tu la kuti. Desemba pazia liko kaskazini mashariki. Kusi ikianza, bibi hulihamishia kusini mashariki. Upande mmoja huachwa wazi siku zote. "Ukiziba pote, banda litatoka jasho," aliniambia.

Jasho hilo ndilo wengi tunalolisahau. Tunapigana na mvua ya nje ilhali maji mengine yanatoka kwa kuku mwenyewe, anayekunywa takribani mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na sehemu kubwa ya kinyesi chake ni maji. Kwa hiyo chombo cha maji kimeinuliwa juu ya tofali, usawa wa mgongo wa kuku, asikikanyage wala kukimwaga. Sakafuni kumetandazwa makapi ya mpunga na maranda, unene wa vidole vinne. Kila asubuhi bibi huchota konzi moja na kuifinya. Ikibaki donge, sehemu ile huzolewa na kuwekwa kavu. Ikimomonyoka taratibu, iko sawa. Ikitimka vumbi, imekauka kupita kiasi, na vumbi nalo huwaumiza kuku kifua. Jioni hurusha mtama kidogo humo ndani, kuku wakachakura mpaka usiku: wanakula, na huku wanampindulia matandiko.

Faida ya ukavu huo si usafi wa macho tu. Vimelea vya kuhara damu hutoka na kinyesi vikiwa bado havina madhara. Vikipata unyevu na joto, siku moja au mbili zinatosha kuvikomaza. Pakavu havikomai kwa urahisi. Ila bibi hajidanganyi kwamba ukavu ni dawa ya kila kitu. Mdondo hauzuiwi na kokoto, hivyo kila baada ya miezi mitatu kuku hupata tone la chanjo jichoni.

Mlangoni, kuku wanapokanyaga zaidi, ametandika makumbi ya nazi, migongo juu. Mimi nilipata kumshauri atumie maganda ya korosho, maana yako tele. Alicheka. Mafuta ya ganda lile humbabua mbanguaji mikono. Kuku atavaa viatu gani?

Mei 2024, tulipokwisha kuhesabu kifuku kimepita, kimbunga Hidaya kikaja. Barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga. Nilipokwenda kwa bibi, paa lilikuwa limepoteza makuti upande mmoja na nusu ya sakafu ilikuwa imelowa. Kuku walikuwa wamebanana upande mkavu, juu ya makapi mapya kutoka gunia ambalo bibi huliweka darini muda wote wa mvua na ambalo sikuwahi kumwona akilifungua.

Mwenyewe hakuwa bandani. Nilimkuta nyuma ya migomba, kanga imefungwa kiunoni, mtaro wake umefukiwa na mchanga. Maji yalikuwa yamejipatia njia nyingine.

"Shikamoo bibi. Pole na mvua."

"Marahaba. Nishapoa," akajibu bila kuinuka. Mkononi alikuwa na vijiti, na dimbwi la kwanza lilikwishapata chake.