Mungu Anayeitwa Mwishoni

Siku hizi watu wengi, hata waseminari wetu wakati wa likizo, wanafuata hadithi za televizyo zinazoendelea miaka mingi, sehemu baada ya sehemu. Zinapokwisha wanabishana: je, mwisho umewatosheleza wale waliongoja? Nataka tuchungue mwisho mmoja unaotuhusu kwa njia mbili: unamtaja Mungu, tena unaishia katika Afrika.

Hadithi yenyewe ni Battlestar Galactica, ambayo Ronald D. Moore aliitunga upya kutoka hadithi ya mwaka 1978. Ilianza mwezi wa Desemba 2003, ikaisha tarehe 20 Machi 2009 kwa sehemu iitwayo Daybreak, maana yake Mapambazuko. Wanadamu wanakaa katika dunia kumi na mbili. Wamejifanyia mashini za kuwatumikia, jina lake Cylon. Mashini zinaasi, kisha zinajipatia miili kama ya watu, hata huwezi kuzipambanua. Siku moja zinaangamiza dunia zote kwa mabomu ya atomu. Watu kama elfu hamsini tu wanaokoka katika merikebu za anga, wakiongozwa na kamanda Adama pamoja na Laura Roslin, waziri wa masomo, ambaye anakuwa rais kwa kuwa wakubwa waliomtangulia wamekufa wote. Wanatafuta kao jipya, Dunia hii yetu. Na jambo la ajabu: watu wanaabudu miungu mingi, lakini mashini zinaamini Mungu mmoja.

Katika mwisho huu mna mambo mema, wala si haki kuyaficha. Roslin ameugua kansa tangu mwanzo. Anafika, anawaona wanyama wa uwandani kutoka juu, anakufa kando ya Adama, na mzee yule anakaa karibu na kaburi akimsimulia nyumba atakayojenga. Hapo sioni la kulaumu. Tena kuna jambo la Tyrol, ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote. Vita vimesimama, watu na mashini wanapatana, na kusudi mapatano yatimizwe inawalazimu watano wachanganye kumbukumbu zao. Mmoja wao, Tory, alimwua kwa siri mke wa Tyrol. Kumbukumbu zinapochanganyika Tyrol anaona yote, anamnyonga Tory pale pale, na amani inavunjika. Hakuna malaika hapo, hakuna muujiza. Dhambi iliyofichwa inatoka nje saa ile ile ambayo watu walihitaji iendelee kufichwa. Mtazamaji hakuitazamia, lakini ikiisha kutokea anasema: naam, haikuweza kuwa vingine.

Sasa tumtazame Kara Thrace, rubani. Alikufa katika mwaka wa tatu wa hadithi, akarudi, baadaye yeye mwenyewe akaikuta maiti yake iliyoungua. Mwaka mzima watazamaji waliuliza: huyu ni nani? Katika Daybreak anaandika hesabu za njia kutokana na sauti za wimbo, merikebu inaruka, na watu wanaokoka. Halafu anasema na rafiki yake katika majani, rafiki anageuka kidogo, hayupo tena. Basi, imekwisha. Moore alieleza baadaye kwamba waliacha jambo hilo wazi kwa makusudi.

Wengine wanawatetea watungaji wakisema: ni fumbo, na ninyi mapadri mnafundisha mafumbo kila siku. Hapana, ndugu. Fumbo ni jambo moja, kitendawili ni jambo lingine. Fumbo la imani linapita akili zetu kwa sababu ya ukuu wake, si kwa sababu aliyelifunua hakujua la kusema. Lakini anayetega kitendawili lazima awe nacho kijibu mfukoni. Watoto wakishindwa, wakimpa mji, naye akasema sijui mimi, Mungu anajua, hao watoto watamzomea, na haki yao. Aristoteles alilaumu jambo hili katika Medea ya Euripides, ile gari ya jua inayokuja kumwondoa. Na Horatius aliwakataza washairi kumwingiza mungu pasipo fundo linalomstahili.

Tusidhani kwamba kosa ni kumtaja Mungu. Katika habari ya Yosefu Mungu yuko kazini tangu kisima hata ghala za Misri, lakini wivu ni wivu wa ndugu kweli, na njaa ni njaa kweli. Maongozi ya Mungu hayaziondoi sababu nyingine. Na huyu wa Daybreak ni Mungu gani? Baltar, mtaalamu aliyewasaliti watu wake, anahubiri kwamba Mungu hana upande, ni nguvu tu ya ulimwengu, inayopita mema na mabaya. Nguvu ya namna hiyo haiwezi kumpenda Kara wala kumtuma. Mtungaji anataka kazi ya Baba, lakini Baba mwenyewe hamtaki.

Nabaki na Afrika. Wasafiri wanashuka katika uwanda wetu, miaka 150,000 iliyopita, wanawaona kwa mbali watu wenye mikuki. Daktari amekwisha kujua kwamba damu zao zinaweza kuchanganyika. Baltar anasema watu hawa hawana lugha bado. Mwana wa Adama anajibu kwamba watawapa. Kisha merikebu zote zinatupwa katika jua, na watu hawa, waliogombana miaka minne juu ya maji na kura, hakuna hata mmoja anayekataa kuacha dawa zake!

Mwishoni tunaambiwa mifupa ya Hera, binti wa mama mashini na baba mtu, imeonekana Tanzania, na kwamba ndiye mama wa watu wote. Wataalamu waliotoa habari ya mama huyo mwaka 1987 hawakusema alikuwa peke yake. Wanawake wengine waliishi pamoja naye, ila uzao wao wa mama kwa binti ulikatika. Na mifupa ya Omo, kule Etiopia, ni ya kale kuliko safari hii ya Galactica. Hapa kwetu, huko Katanda kando ya Semliki, wachimbaji waliona vyusa vya mfupa, vyenye meno, ambavyo wanavihesabia miaka kama 90,000. Sehemu hii inadai kumheshimu mama wa Afrika, lakini mama wa mikukini hana jina, hana uso, hasemi neno.

Maneno ya malaika wawili katika njia za New York, na mashini ndogo zinazocheza ngoma, tuyaache. Katekista akitaka kuwaonyesha vijana sehemu hii, asizime upesi. Awaulize kwanza: wale watu wa uwandani, walipowaona wageni wakishuka kutoka mbinguni, walisemezana nini?