Majini na Nafsi ya Tatu: Uhakiki wa Mchezo wa Resident Evil 5 Ukitazamwa Kutoka Ghuba ya Ferguson

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi katika Kiswahili umezoea kushughulikia ushairi, riwaya, tamthilia na ngano. Hata hivyo, umezuka utanzu mwingine wa usimulizi ambao idara za lugha hazijautazama kwa makini unayostahili, nao ni mchezo wa video wenye hadithi. Kijana wa Lodwar au Kakuma ambaye hajapata kuishika riwaya ya Kiswahili nje ya darasa aweza kuwa amekwisha kukaa saa nyingi mbele ya kiwambo, pedi mkononi, akimwongoza mhusika kutoka hatari hadi hatari. Hadithi anayoifuata ina watunzi, ina wahusika, ina mandhari, ina msuko na ina dhamira. Kwa hiyo hapana sababu ya kuiacha nje ya uhakiki.

Makala haya yanachunguza mchezo mmoja, Resident Evil 5, uliotolewa na kampuni ya Capcom ya Japani mwezi wa Machi 2009, ukatolewa tena kwa mitambo mipya mwaka 2016. Umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni mfano mashuhuri wa hadithi ya kubuni ya kisayansi inayochezwa kwa bunduki na kwa nafsi ya tatu. Pili, na hii ndiyo sababu nzito zaidi, adui anayepigwa risasi katika mchezo huu husema Kiswahili. Mahali pa kuutazamia pamechaguliwa pia. Ghuba ya Ferguson iko upande wa magharibi wa Ziwa Turkana, karibu na mji wa Kalokol. Hapo Kiswahili si lugha ya mama ya wenyeji, bunduki si kitu cha kuwaziwa tu, na neno “majini” lina maana ya kila siku. Hoja inayotolewa ni kwamba maudhui ya mchezo huu yanamshitaki mnyonyaji, ilhali fani yake inamwadhibu mnyonywaji.

Maudhui

Chris Redfield, Mmarekani, afika katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, ambalo watunzi wameliweka Afrika Magharibi. Ametumwa kumkamata Ricardo Irving, mlanguzi wa silaha za kibiolojia. Huko apokewa na Sheva Alomar, Mwafrika wa kikosi hicho hicho. Punde wagundua kwamba wakazi wameambukizwa vimelea vinavyowanyang'anya akili na kuwafanya wauaji. Hao ndio waitwao Majini. Safari yatoka mjini, yapita machimboni na kwenye vinamasi wanakokaa watu waitwao Ndipaya, yateremka katika magofu ya kale, na kuishia katika maabara na meli ya kampuni ya Tricell. Nyuma ya yote yumo Albert Wesker, anayetaka kuueneza ulimwenguni kote uchafu uitwao Uroboros.

Ikitazamwa kwa muhtasari, hadithi hii si ya kubezwa. Asili ya maafa yote ni ua lililokuwa likimea katika ardhi ya Ndipaya, ambalo wageni wa Ulaya walilijia katika miaka ya 1960, wakawaondoa wenyewe, wakalifanya mtaji. Wazazi wa Sheva waliangamia kwa ajili ya majaribio ya kampuni ya Umbrella. Imo pia shajara ya kijana wa kijiji, karatasi ambayo mchezaji huiokota njiani, inayoeleza jinsi wanakijiji walivyochomwa sindano kwa jina la chanjo, kisha wakabadilika mmoja baada ya mwingine. Katika mandhari hiyo hiyo kuna visima vya mafuta. Msomaji wa Turkana, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia-1, hawezi kulipita jambo hili bila kutua. Mali iko chini ya miguu ya wenyeji, mkataba uko mikononi mwa wengine, nao wenyeji ndio wanaolipa. Mtunzi aliyefika hapo ameiona sehemu kubwa ya ukweli.

Fani: Kamera na Bega

Katika ngano, nafsi ya tatu ni uhuru wa msimulizi. Akisema “akaenda, akaona, akalia”, aweza kumfuata sungura, kisha akamwacha na kuketi na fisi, na hadhira ikamwelewa hata fisi. Katika mchezo wa aina hii nafsi ya tatu ni mahali pa kamera. Mtindo huu ulipata nguvu katika Resident Evil 4 ya mwaka 2005, ukaenea katika michezo mingine ya kisayansi kama Gears of War ya 2006 na Dead Space ya 2008. Kamera husimama nyuma ya bega la shujaa. Mchezaji huuona mgongo wake, mkono wake na mtutu wake, na mbele ya mtutu huwaona wengine wote.

Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni kwamba nafsi hii ya tatu ni ya uongo. Shujaa akiuawa, mchezaji hasemi “Chris amekufa”, husema “nimekufa”. Kiambishi a- kimekwisha kumezwa na ni-. La pili ni kwamba nafsi ya tatu ya kweli, yaani wao, haipati bega. Hakuna hata mara moja kamera iliposimama nyuma ya mwanakijiji ili mchezaji amtazame Chris akija na bunduki. Tena, katika mchezo huu shujaa hawezi kutembea huku akilenga shabaha. Hana budi asimame kwanza. Hofu yote ya mchezaji yazaliwa hapo: yeye amesimama, wao wanakuja. Namna hii ya kupanga miili humfundisha mchezaji, kabla ya neno lolote kusemwa, kwamba umati ni tishio na mtu mmoja mwenye silaha ndiye anayedhulumiwa.

Sheva naye hakusalimika. Mtu achezapo peke yake mara ya kwanza, humwongoza Chris, naye Sheva huendeshwa na mashine: hufuata, hutoa risasi, hutoa dawa. Ni mpaka hadithi imalizike ndipo mchezaji huyo apate ruhusa ya kuianza upya kwa bega la Sheva. Mwafrika mwenye jina na dhamiri amewekwa katika nafasi ya msaidizi, na nafasi yake ya kuongoza ni zawadi ya marudio.

Lugha

Jina “Majini” latumika katika mchezo kwa mmoja na kwa wengi, nalo hufasiriwa kuwa ni neno la Kiswahili lenye maana ya pepo wabaya. Mswahili atashangaa mara tatu. Umoja wake ni jini. Jini si lazima awe mbaya: katika masimulizi ya pwani wako majini waovu na majini wema, wako watoao utajiri na waposao wake. Hatimaye, jini hupatanishwa kisarufi na viumbe vyenye uhai; husemwa “majini wamekuja”, si “yamekuja”. Kiswahili kimewapa majini heshima ya kisarufi ambayo mchezo umeikataa. “Kijuju” nalo ni neno la kutiliwa shaka. Ni kweli ki- huanza majina mengi ya mahali, kama Kilifi na Kigoma. Lakini kikibandikwa kwenye “juju”, neno ambalo wageni walilizoea kwa uchawi wa Afrika Magharibi, sikio la Mswahili husikia “kwa namna ya uchawi”. Eneo zima limepewa jina la tuhuma.

Zaidi ya majina, kuna sauti. Vilio vya Majini ni vya Kiswahili, ingawa Kijuju imewekwa Afrika Magharibi, mbali na nchi za Kiswahili. Hii yaonyesha kwamba lugha haikuchaguliwa kwa sababu ya mahali wala watu, bali kwa sababu mchezaji aliyekusudiwa hataielewa. Imefanywa kelele. Hata kijana wa shajara, ambaye ndiye mwanakijiji apewaye nafasi ya kusema “mimi” na kuhuzunika, husomwa na mchezaji wa Uingereza au Kenya kwa Kiingereza. Basi mgawanyo ni huu: mwanakijiji akipiga kelele hupiga kwa Kiswahili, akifikiri, hufikiri kwa lugha nyingine.

Pana hoja ya kujibiwa hapa. Picha za kwanza za mchezo huu zilipoonyeshwa mwaka 2007, watu kadhaa, miongoni mwao mhakiki N'Gai Croal wa Marekani, walilalamikia jinsi zilivyowaonyesha watu weusi. Watetezi walijibu kwamba Resident Evil 4 iliwatendea vivyo hivyo wanakijiji wasemao Kihispania. Jibu hilo lina uzito, lakini halitoshi. Kihispania kina sauti nyingi katika michezo ya video: cha mashujaa, cha wapenzi, cha wachekeshaji. Sauti moja mbaya hufidiwa na nyingine. Kiswahili katika uwanja huo kina sauti chache mno, na kila iliyopo hubeba mzigo wa zote.

Mtazamo wa Ghubani

Ghuba ya Ferguson imetengwa na ziwa kuu kwa ulimi wa mchanga uitwao Longech. Waturkana huliita ziwa lenyewe Anam Ka'alakol, yaani bahari ya samaki wengi. Wavuvi wa hapo na wachuuzi wa samaki wakavu watokao kusini huelewana kwa Kiswahili, na katika Kiswahili hicho “majini” ni mahali: ma- ya maji na -ni ya mahali. Mtu yuko majini. Chakula kinatoka majini. Huko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, Mkongo, Mrundi, Msomali na mtu wa Sudan Kusini hukopeshana Kiswahili ili wapate kununua, kuuguzwa na kusuluhishana. Lugha ambayo mchezo umeifanya kelele ya kutisha, katika wilaya hizi kame ndiyo inayozuia watu wasitishane. Kijana aliyejifunza Kiswahili shuleni kama lugha ya pili, kisha akakisikia mchezoni kinywani mwa wale anaotakiwa kuwaua, apewa fundisho la pili linalopingana na la kwanza.

Haifai kudai kwamba mchezo ndio uletao ukatili. Nataruk, upande huu huu wa magharibi wa ziwa, paligunduliwa mwaka 2012 mabaki ya watu wasiopungua 27 wa miaka ipatayo 10,000 iliyopita, baadhi yao wakiwa na alama za kuuawa, kama taarifa ya wataalamu ya mwaka 2016 ilivyoeleza. Kuuana ni kwa kale kuliko bunduki. Suala ni jinsi hadithi inavyoueleza msiba. Katika mchezo, kila dhuluma huishia katika uso wa kulengwa. Historia ya ghuba haiko hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Kilifanya kazi kwa muda mfupi, maji ya ghuba yakakauka, jengo likabaki. Miongo ilipopita, ziwa likapanda na kuzifunika makazi za Longech. Hapa pana sayansi, pana wageni, pana mitambo na pana hasara, lakini hapana jini wa kupigwa risasi. Msomaji hutakiwa kufikiri badala ya kulenga.

Wenyeji nao wana hadithi yao ya mgeni wa ajabu. Kando ya barabara ya Lodwar na Kalokol yasimama mawe 19 ya Namoratunga, jina lenye maana ya watu wa mawe. Husimuliwa kwamba hao walikuwa wachezaji ngoma waliomcheka pepo aliyewajia, wakageuzwa mawe. Katika ngano hiyo, kosa ni dharau ya wenyeji kwa wasiyemjua, na adhabu ni kupoteza miili yao. Resident Evil 5 nayo yahusu watu waliogeuzwa, lakini waliogeuzwa hawakukosa lolote, na bado ndio wanaoadhibiwa. Kwa uadilifu wa msuko, ngano ya mawe inaushinda mchezo.

Njia Nyingine

Watunzi wa Afrika Mashariki wamekwisha kuanza kujibu. Mwaka 2015, Black Division Games ya Andrew Kaggia ilitoa Nairobi X, ambamo viumbe wa nje ya dunia wavamia Nairobi. Ni hatua njema, kwa kuwa mwenye bunduki ni Mkenya na mji unaotetewa ni wake. Lakini muundo ni ule ule, ila wahusika wamebadilishana nafasi. Lual Mayen amekwenda mbali zaidi. Alizaliwa wazazi wake wakiikimbia vita ya Sudan Kusini, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu hadi zikafika dola 300 za kumnunulia kompyuta. Mwaka 2018 alitambuliwa katika The Game Awards. Katika Salaam, mchezo alioubuni, anayeongozwa ni mkimbizi, na kazi yake ni kukimbia, kutafuta maji, chakula na dawa. Mayen ameihamisha kamera kutoka nyuma ya mtutu na kuiweka nyuma ya yule ambaye mtutu umemwelekea. Hayo ni mapinduzi ya fani, nayo yamebeba maudhui yake bila kuyasaliti.

Hitimisho

Resident Evil 5 ni kazi yenye ustadi wa kutisha, na lawama yake kwa makampuni ni ya haki. Imeshindwa pale ambapo fani ingepaswa kuitii dhamira: imemwambia mchezaji kwamba mwanakijiji ni mhanga, kisha ikamnyima bega, ikamnyima lugha, na kumpa mchezaji risasi. Yafaa idara za Kiswahili ziingize michezo hii katika masomo ya usimulizi, na wanafunzi wafunzwe kuuliza kamera imesimama nyuma ya nani na nani anasema “mimi” kwa lugha gani. Yafaa pia waandishi wa Kiswahili washirikiane na mafundi wa kompyuta, ili mhusika aonekane kiwamboni akifikiri, akitania na kutubu kwa Kiswahili. Mawe ya Namoratunga na kiwanda cha Kalokol ni visa viwili vinavyongojea watunzi wa namna hiyo, navyo viko mwendo mfupi tu kutoka ghubani.