Rosa Mistika na Hukumu Inayotangulia Usomaji

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), ilipigwa marufuku shuleni kwa muda kwa hofu kwamba ingewapotosha vijana. Marufuku iliondolewa, dhana iliyoizaa ilibaki, na leo inaishi katika baadhi ya miongozo ya mitihani. Humo Rosa hupewa sifa kavu: binti mtulivu aliyeharibika. Mwanafunzi huikariri sifa hiyo kabla hajaigusa riwaya yenyewe, na akiifungua hutafuta ushahidi wa kile alichokwisha kuambiwa.

Ilhali mpangilio wa matukio unaipinga hukumu hiyo. Rosa hajakosa lolote la maana pale Zakaria, baba mlevi, anapompiga kikatili kwa sababu ya barua ya Charles. Anakwenda shuleni akiwa amefunzwa kuwaogopa wanaume, hakufunzwa kuwajua. Baadaye wanaume wenye vyeo wanamtumia, na hatimaye Charles yule yule anamkataa kwa kuwa si bikira. Wote hao wamekosa, lakini neno 'kuharibika' linamwangukia mmoja tu. Kwa nini? Miongozo hailiulizi swali hilo, na Kezilahabi, pamoja na uchungu wake wote, hamjibii msomaji.

Mtihani unaodai orodha ya sifa za Rosa hutuza kukariri. Ungemtaka mtahiniwa aonyeshe ni tukio gani lililomfanya aikubali au aikatae sifa moja tu, hata mwalimu angelazimika kuirudia riwaya, na kuzikagua hukumu alizoingia nazo darasani.