Kupiku si Kubatilisha: Istilahi ya Urithi wa Klasi katika Mwanga wa Upatanisho wa Kisarufi

Katika upangaji wa programu unaozingatia obijekti, istilahi 'urithi' haina ubishi: klasi tanzu hupokea methodi za klasi mama. Utata huzuka pale klasi tanzu inapoiandika upya methodi iliyoirithi. Tukikiita kitendo hicho 'kubatilisha', tutampotosha mwanafunzi. Kilichobatilishwa hakitumiki tena popote, ilhali methodi ya klasi mama hubaki hai.

Sarufi ya Kiswahili inaishadidia hoja hii. Mkazi wa Maore, wilayani Same, husema 'kifaru amelala' akimtaja mnyama wa Hifadhi ya Mkomazi, lakini 'kifaru kimeharibika' akitaja chombo cha vita. Umbo la nomino ni lilelile, na wingi wake ni 'vifaru' kotekote. Nomino zenye uhai hurithi kiambishi cha KI-VI, kisha huweka upatanisho wao mahali pa ule wa ngeli. Kanuni ya ngeli haikufutwa: chombo cha vita bado kinaitii.

Zaidi ya hayo, katika 'rafiki yangu amefika', kitenzi hufuata uhai, ilhali kimilikishi hurejea upatanisho wa I-ZI. Vivyo hivyo, methodi mpya yaweza kuiita ile ya klasi mama ndani yake. Kilichobatilika hakiitwi.

Kwa hiyo tunapendekeza 'kupiku'. Kumpiku mtu ni kumshinda, si kumfuta.