Masomo ya Afrika Bila ya Kiarabu

Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wake. Ama baad.

Vijana wetu walioko vyuo vikuu vya Marekani hutuuliza: je, kuna faida kusoma Masomo ya Afrika kama somo dogo, pembeni ya somo kuu? Somo hilo hukusanya fani nyingi: historia, siasa, fasihi na lugha. Chuo Kikuu cha Northwestern ni miongoni mwa vilivyotangulia. Melville Herskovits alianzisha programu yake hapo mwaka 1948.

Kukusanya fani si jambo geni kwetu. Mwaka 1615 Sheikh Ahmad Baba wa Timbuktu (1556–1627) alijibu masuali kuhusu watu wa Bilad al-Sudan waliokuwa wakiuzwa. Katika Miraj al-Suud alibainisha kuwa sababu ya utumwa ni ukafiri, si weusi wa ngozi, na kwamba aliyesilimu kabla ya kutekwa hamilikiwi. Kisha akawataja watu wa Kano, Katsina, Bornu na Songhai kuwa ni Waislamu. Fiqhi peke yake isingemtosha. Ilimpasa ajue historia ya kila kaumu. Fakihi asiyeijua historia hiyo angemwacha Muislamu huru auzwe sokoni.

Tunachokosoa ni mgawanyo. Mitaala mingi huianzisha Afrika kusini ya Sahara, na Kiarabu hukiweka upande wa Mashariki ya Kati. Hivyo mwanafunzi aweza kumaliza bila ya kusoma mstari mmoja wa Ahmad Baba, akaijua Timbuktu kwa kalamu za wageni tu. Atakayesema Kiarabu ni lugha ya kigeni Afrika, na atujibu: je, Kiingereza na Kifaransa?

Lakini insafu ni wajibu. John Hunwick, aliyesomesha hapo hapo Northwestern, pamoja na R. S. O'Fahey, ndio walioanza mwaka 1994 kuchapisha fihirisi kubwa ya maandishi ya Kiarabu ya Afrika. Nasi je? Ni madrasa ngapi zetu zinazosomesha Kiarabu miaka kumi bila ya kumtaja Ahmad Baba hata mara moja?

Basi kijana na alisome somo hilo, lakini katika lugha achague Kiarabu. Na sisi masheikh tusimkejeli, tumfungulie vitabu.

Wallahu aalam.